Msanii akishakua bosi: lebo za wanamuziki, tunavoziona huku mwisho wa reli

Juzi kijiweni hapa Mwanga ubishi ulikua mmoja tu, kwamba msanii akisainiwa na msanii mwenzie yuko salama kuliko akisainiwa na mfanyabiashara, eti mwenzie ameshalala studio na njaa anaijua. Na Kigoma hii mada huikwepi, Diamond na Alikiba wote asili yao ni huku na wote wana lebo, yaani kampuni ya kusaini na kutoa wasanii, huyu WCB Wasafi yule Kings Music, kwahiyo kila dogo mwenye biti kwenye simu anaona kama ana mjomba mjini.

Mi sikubaliani nao, ila wana hoja na tusiwaonee. Zamani mpiga muziki alikua mwajiriwa basi. Chukua bendi kama Tabora Jazz hapo jirani zetu, vijana wanapanda treni wanaenda kurekodi Radio Tanzania, kanda inabaki redioni, we unarudi kupiga dansi wikiendi. Lebo za wasanii zimegeuza hiyo stori. WCB walimtoa Harmonize 2015, Rayvanny 2016, Mbosso 2018 baada ya bendi yake Yamoto Band kusambaratika, Zuchu 2020. Asa niambie benki gani ingemkopesha dogo wa Mtwara kama Harmonize hela ya video kwa dhamana ya sauti yake? Hakuna. Lebo ndo ilikua benki yake, ikamlipia studio, video, nguo, usafiri, na kelele za kutosha redioni mpaka jina likakaa.

Sema benki hua inataka hela yake. Harmonize alivoondoka 2019 alisema alitakiwa kulipa milioni 500 akauza mpaka nyumba, halafu mwishoni mwa 2021 akaeleza kua mkataba ulikua lebo asilimia 60 yeye 40. Mtaani watu wakaishikia bango hiyo 60 kama ndo dhambi yenyewe. Mi naona hapo tulipigania kisichopiganiwa, maana anaeweka mtaji wote akichukua kikubwa mwanzoni sio ajabu, hata mwenye boti na nyavu hapo Kibirizi anachukua kikubwa kuliko wavuvi wanaokesha ziwani na hakuna anaeandamana. Swali ni gharama zinatolewa kabla ya kugawana au baada, maana 40 ya kilichobaki baada ya video nne inaweza ikawa nauli tu. Halafu masta ni ya nani, yaani ile rekodi yenyewe iliyotoka studio, sababu mwenye masta ndo analipwa wimbo ukisikilizwa hata miaka 20 mbele, we mwimbaji unaweza ukawa umeshahama na wimbo bado unamlipa bosi wa zamani. Na chaneli ya YouTube ni ya nani. Mvuvi akigombana na mwenye boti anahamia boti lingine kesho asubuhi na mikono yake anaenda nayo, msanii anaweza kuhama akaacha mpaka nyimbo zake.

Na hii sio tabia ya Bongo tu. Ng'ambo ya ziwa, huko Congo, mjini Kinshasa, kulikua na mpuliza saksafoni anaitwa Verckys Kiamuangana, alikua kwa Franco kwenye bendi ya OK Jazz, akatoka 1969 akaanzisha bendi yake na lebo yake, Editions Vévé. Akawabeba vijana kweli kweli. Bendi ya Bella Bella ya ndugu wawili wa Soki ilipitia mikononi mwake, wakaja kumkimbia. Akaijenga bendi ya Lipua Lipua na mwimbaji Nyboma mbele, Nyboma nae akaondoka akaanzisha bendi yake Kamale. Yaani alietoka kwa bosi akawa bosi anaekimbiwa. Sidhani kama Verckys alikua na roho mbaya kuliko wengine, vyombo vilikua vyake, lebo yake, na ukishashika vyote hivo unaanza kuona mwimbaji ni kitu unachokimiliki.

Huku kwetu angalia waimbaji Cheed na Killy. Wametoka Kings Music 2020 wakaenda Konde Gang, lebo ya Harmonize, huyu huyu aliekua analalamika mkataba mbaya, 2022 hawapo tena kule. Kwahiyo kuumizwa na mkataba hakukufundishi kuandika mzuri, nadhani hapo ndo kijiwe kilinuna.

Ila kuna walioachana vizuri. Mbosso alipotoka WCB 2025 ilielezwa kua kaachiwa bila kulipishwa, na mimi hiyo naipa uzito kuliko gari walizonunuliwa wasanii zikapigwa picha.

Siku ileile dogo mmoja akanitolea mkataba wake wa studio moja hapa hapa mjini, mwenye studio nae ni mwimbaji. Kurasa moja na nusu. Muda wa mkataba haujaandikwa, masta haijatajwa, ila kuna mstari unasema jina la kisanii ni mali ya studio. Nikamuuliza jina alipewa na nani, akasema na bibi yake Ujiji, tangu yuko darasa la pili. Alikua ameshasaini.