Viwiliwili vya Magunia: Abakanowicz Hakutengeneza Wahanga Peke Yao

Karibu kila maelezo yanayoandikwa juu ya sanamu za Magdalena Abakanowicz, msanii wa Poland, hupita njia moja. Kulikuwa na vita, mama yake akapigwa risasi, mkono ukakatika, na miaka mingi baadaye binti akaanza kutengeneza watu wasio na vichwa wala mikono. Mambo hayo yalitokea kweli. Tatizo langu ni kwamba msomaji akishaelezwa hivyo huona kazi imekwisha: amehuzunika, ameelewa, anaondoka. Mimi naona sanamu zile zina shutuma ndani yake, na shutuma hiyo haimhusu Mjerumani mwenye bunduki peke yake.

Lakini tusiruke historia. Alizaliwa mwaka 1930 Falenty, karibu na Warsaw, katika ukoo wa makabaila wenye ardhi. Alikuwa na miaka tisa Ujerumani ilipoivamia Poland. Mwaka 1943 askari wa Kijerumani waliokuwa wamelewa waliingia nyumbani kwao usiku wakafyatua risasi, na mama yake akapoteza mkono wa kulia. Mwaka uliofuata, jeshi la Kisovieti likisogea kutoka mashariki, familia ilikimbilia Warsaw. Uasi wa Agosti 1944 dhidi ya Wajerumani ulipolipuka, msichana huyo wa miaka kumi na minne alikuwa akisaidia kuhudumia majeruhi katika hospitali ya dharura.

Vita ikaisha, dola nyingine ikashika hatamu. Chini ya wakomunisti kuzaliwa kabaila lilikuwa doa, basi akaficha asili yake ili aruhusiwe kusoma. Alisoma kwanza huko pwani ya Baltiki, kisha katika Chuo cha Sanaa cha Warsaw, akamaliza mwaka 1954. Sanaa iliyoruhusiwa wakati huo ilikuwa moja tu, uhalisia wa kijamaa: mfanyakazi mwenye kifua kipana, mkulima anayetabasamu shambani, kiongozi anayetazama mbali. Nawaomba wasomaji waikumbuke picha hiyo ya mwili mzima, wenye afya na uso wa furaha, kwa sababu maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kuipinga.

Hakuanza na watu. Alianza na nyuzi. Chumba alichoishi na mumewe kilikuwa kidogo, vifaa vilikuwa adimu, na ufumaji ulionekana kazi ya mikono tu, hivyo wakaguzi wa serikali hawakuukazia macho kama walivyoukazia uchoraji. Alikwenda bandarini kuokota kamba kuukuu za meli, akazifumua, akaziosha, akazitia rangi, akazifuma upya. Mwaka 1962 kazi yake ilionyeshwa Lausanne, Uswisi, na mwaka 1965 akapata tuzo kubwa kwenye maonyesho ya São Paulo. Vitu alivyofuma havikuwa mazulia ya kutundika ukutani. Vilikuwa vikubwa, vikining'inia kutoka darini, vyeusi, vyekundu, vya rangi ya chungwa, na mtu mzima angeweza kuingia ndani yake. Wahakiki walikosa la kuviita, wakaviita Abakan, kwa jina lake mwenyewe.

Na kamba hizo zilikuwa za katani. Sisi tuliokulia kwenye barabara ya Korogwe, kati ya mashamba ya mkonge, hatuwezi kulisoma hilo tukalipita haraka. Tanganyika ilipopata uhuru ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Tunajua katani inavyokwaruza kiganja, inavyonuka ikilowa, na jinsi ilivyo ngumu kuilazimisha ikae unavyotaka. Mtu aliyeizoea hariri na sufu hushangaa kuona Abakan. Aliyeizoea katani hushangaa kwa sababu nyingine, kwamba mwanamke huyu aliweza kuifanya ilegee kama ngozi.

Katikati ya miaka ya 1970 ndipo alipohamia kwenye mwili wa binadamu. Alichukua magunia ya jute, yale ya kubebea nafaka na viazi, akayaloweka kwenye gundi nzito ya kukausha, akayakandamiza kwenye kalibu ya plasta iliyotokana na mwili wa mtu. Yalipokauka yakawa maganda magumu yenye mikunjo kama mishipa. Kundi linalojulikana zaidi ni lile la Migongo, alilolitengeneza kati ya 1976 na 1980. Ni viwiliwili 80 vilivyoketi vikiwa vimeinama, bila vichwa, bila miguu. Ukivitazama kwa nyuma unaona uti wa mgongo na mabega yaliyochoka. Ukizunguka mbele hukuti kitu: ni uwazi, gunia tupu.

Watu walimuuliza kama hao ni wafungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wengine wakadhani ni ibada ya huko Peru, wengine ngoma ya Bali. Yeye alikubali yote, akisema kazi yake inahusu hali ya binadamu kwa jumla. Jibu hilo limewaudhi baadhi ya watu, wakiona anakwepa. Kwangu mimi ni jibu la mtu aliyeona mengi kiasi cha kutotaka kumpa mtazamaji nafasi ya kusema, "Aa, kumbe ni wale, si sisi."

Maana kuna jambo aliloliandika yeye mwenyewe, ambalo wengi hulitaja na kulipita. Alieleza kwamba aliishi katika zama za chuki ya pamoja na za kuabudu kwa pamoja. Aliona maandamano yakiwasifu viongozi wakuu na wema, ambao baadaye walidhihirika kuwa wauaji wa halaiki. Picha iliyomkaa kichwani ni ya umati unaoendeshwa kama kiumbe kisicho na ubongo. Ukishalisoma hilo, rudi uwatazame watu wake wasio na vichwa. Nani aliwakata vichwa? Huenda walikatwa. Huenda pia waliviacha nyumbani asubuhi ile walipokwenda kushangilia.

Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu kazi hii. Kiwiliwili kilekile ni cha aliyeuawa na cha aliyepiga makofi. Dhuluma ya kisiasa humwondolea mmoja uso kwa nguvu, na mwingine anautoa mwenyewe kwa hiari, na ukiwa nyuma yao huwezi kuwatofautisha. Desemba 1981 Jenerali Jaruzelski, mtawala wa nchi, alitangaza hali ya kijeshi Poland, vifaru vikaingia mitaani na wanaharakati wa Solidarność, chama huru cha wafanyakazi, wakafungwa. Miaka michache baadaye, 1986 hadi 1987, Abakanowicz alitengeneza Umati, watu 50 waliosimama wima. Safari hii hawakuinama. Wamejipanga, mikono imeshuka ubavuni, wanangoja. Wanangoja kupigwa risasi au wanangoja amri? Yeye hajibu, na nadhani alifanya vizuri kutojibu.

Mtu wa kwetu anaweza kuzilinganisha na ujamaa wa Wamakonde, ule mti mmoja uliojaa watu waliopandana. Nao ni umati. Lakini kwa Mmakonde kila mtu ana uso, kila mguu umekanyaga bega la mwenzake, na ukimtoa mmoja mnara wote unapungukiwa. Watu wa Abakanowicz hawagusani. Wako karibu sana, wanafanana karibu kabisa, na hakuna anayemshika mwenziwe. Naona tofauti hiyo inaeleza udikteta ulivyo kuliko vitabu vingi, kwa sababu watawala wa aina hiyo hupenda watu wakusanyike na huogopa watu wakishikana.

Kuna hoja moja dhidi yake ambayo naiheshimu. Inasema: waliouawa walishanyang'anywa majina, msanii naye anawanyima hata sura? Wenye hoja hii wana haki ya kusikilizwa, hasa na sisi. Pale Tengeru, karibu na Arusha, waliishi Wapoland wapatao elfu tano wakati wa vita hiyohiyo, watu ambao Wasovieti walikuwa wamewahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati kabla hawajafika Afrika Mashariki. Makaburi yao bado yapo, na kila jina lililochongwa pale lina thamani. Makaburini majina ni lazima. Ila kaburi huuliza nani amelala hapa, na Abakanowicz aliuliza swali jingine kabisa: waliofanya haya yawezekane walikuwa wangapi, na walionekanaje? Kwa swali hilo sura moja ingekuwa uongo. Ungempa mtazamaji mtu wa kumlaumu, akaenda zake.

Mahali ninapotofautiana naye ni kwenye chuma. Baada ya mwaka 1985 alipoanza kusubu shaba nyeusi, akiwa na watu 33 alioweka huko Celle, Italia, kazi zikazidi kuwa kubwa na za kudumu. Poznań, mji wa Poland alikofundisha kwa miaka 25, kuna watu 112 wa chuma tangu 2002. Chicago, katika bustani ya Grant Park, kuna 106 waliowekwa mwaka 2006, wenye urefu wa karibu mita tatu, wasio na vichwa wala mikono, kila mmoja akielekea upande wake. Nimepita kati yao wa Chicago. Ngozi yao ni kama gome la mti, nyuma ni matundu, na watoto wanakimbia katikati wakicheza. Ni kazi kubwa, sikatai. Lakini mwenye mita tatu ananizidi kimo. Namtazama kama ninavyotazama mnara. Mtu wa gunia alikuwa wa kimo changu. Angeweza kuoza, kuungua, kutobolewa na panya. Udhaifu huo ulikuwa sehemu ya shutuma, na chuma kimeufuta.

Alifariki Aprili 2017, Warsaw. Tangu hapo majumba makubwa ya Ulaya yamezidi kumwonyesha, Tate Modern ya London ikiwemo. Mimi ningependa afundishwe Dar es Salaam na Bagamoyo, kwa sababu hakuna kifaa chake hata kimoja ambacho mwanafunzi wa huku atakikosa: gunia, katani, plasta, gundi. Apewe kazi ya kutoa kalibu ya mgongo wa mwenzake, aitoe mara ishirini, azipange zote ziangalie upande mmoja. Kisha darasa lizunguke, lianzie nyuma, limalizie mbele, halafu mwalimu aulize hawa ni akina nani, na asiwasaidie kujibu.