Bua la Lavenda Halimsubiri Mtu

Kila ninaposikia mtu akisema ufundi wa kusuka lavenda, ule mmea wa maua ya zambarau yanayonukia, "uhifadhiwe", huwa natamani kumuuliza kama anajua unafanyika kwa siku ngapi katika mwaka. Si nyingi. Huko Provence, kusini mwa Ufaransa, lavenda huchanua kuanzia mwishoni mwa Juni, na kwenye miinuko huchelewa hadi Agosti. Shamba moja likishakomaa, fundi ana wiki chache tu za kukata mabua yaliyo laini. Zikipita, amekwisha hadi mwakani.

Ninachozungumzia ni kile Wafaransa wanachokiita fuzo, jina lile lile la kijiti cha kusokotea uzi, kwa sababu umbo ndilo hilo: nene katikati, jembamba huku na huku. Ni fungu la lavenda mbichi lililosukwa kwa utepe, likawekwa kabatini kati ya mashuka ili yanukie na nondo wakae mbali. Fundi huchukua mabua, tuseme 21, akayafunga chini kidogo ya masuke ya maua. Kisha huyakunja moja moja, akiyarudisha juu ya maua, mpaka maua yote yamo ndani kama ndege tunduni. Hapo ndipo utepe unapoanza safari: juu ya bua, chini ya bua, juu, chini, duru baada ya duru.

Idadi ya mabua lazima iwe witiri. Hili nililisikia, nikaitikia kwa kichwa, na sikulielewa mpaka liliponikuta.

Nilikuwa nimeketi na mama mmoja mzee ambaye amesuka mafuzo tangu utotoni. Kabla ya kukunja bua alilibonyeza kwanza kwa ukucha wa kidole gumba, mahali pale pale penye mkunjo, na bua likalala bila kupasuka. Mimi mabua yangu nilikuwa nimeyaacha juani tangu asubuhi. Alasiri nilipoanza kukunja, moja likakatika. Nikalitupa, nikaendelea na yaliyobaki, nikijiambia kwamba bua moja si kitu. Lakini 20 ni shufwa. Utepe ulipomaliza duru ya kwanza ukarudi kupita juu ya mabua yale yale uliyoyapita mwanzo, na badala ya miraba nikapata mistari iliyosimama kama nguzo za uzio, bila kitu kinachoshikana na kingine. Yule mama aliutazama, akaufungua utepe wote bila kusema neno, akachomoa bua moja lililokuwa zima kabisa, akanirudishia. Yakawa 19. Duru iliyofuata, miraba ikajitokeza yenyewe.

Waswahili tunasema udongo uwahi ungali maji. Sijawahi kuona kazi inayoishi ndani ya msemo huo kama hii. Lavenda iliyokwisha kukauka hujaza vifuko vizuri sana, lakini fuzo halisukwi tena. Hesabu mwenyewe: mwanagenzi akipata wiki nne kila mwaka kwa miaka 10, ameshika kazi kwa wiki 40, yaani hata mwaka mmoja haujatimia. Ndiyo maana naumia nikisikia mnunuzi akilalamikia bei akisema ni "utepe na majani tu". Mkono unaoukaza ule utepe umengoja miezi 11 ili upate nafasi ya kuukaza.

Na kuukaza kwenyewe si mara moja. Mabua yanapokauka husinyaa, na utepe hulegea. Fundi mwenye kujali hulirudia fuzo baada ya siku kadhaa, akaukaza utepe kwa ncha ya sindano kuanzia duru ya kwanza hadi ya mwisho. Ukitaka kujua kama lililo mkononi mwako limerudiwa, lisukume kwa kidole: utepe ukiteleza, halikurudiwa.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na baadhi ya wapenzi wa lavenda. Wao hushikilia kwamba kitu cha asili lazima kitokane na lavenda halisi ya milimani, ile ambayo mafuta yake kutoka Haute-Provence yana jina linalolindwa kisheria tangu 1981. Lavandini, ndugu yake lavenda, wanaidharau: ni mahuluti, haizai mbegu, huoteshwa kwa vipandikizi, na mafuta yake yana harufu ya kafuri. Yote ni kweli, na wanaotengeneza manukato wana haki ya kuchagua. Lakini fuzo linahitaji bua refu, na lavandini ndiyo yenye mabua marefu. Nimeona mikono ya wazee ikiichagua bila kusita. Anayetaka kuulinda ufundi huu asianze kwa kumpokonya fundi malighafi inayomfaa.

Ninachokiogopa zaidi ni bua kukosa wa kulikata. Mashamba makubwa, kama yale ya uwanda wa Valensole, huvunwa kwa mashine, na mavuno huenda moja kwa moja kwenye mitambo ya kukeneka mafuta. Mashine haina sababu ya kutunza unyoofu wa bua. Fundi inabidi aingie shambani na mundu kabla yake, kwa ruhusa ya mkulima, siku ambazo mkulima ana haraka kuliko siku zote. Makumbusho ya lavenda pale Coustellet yanaonyesha mitambo ya kale ya shaba, na inapendeza kuitazama. Ila ule ukucha unaobonyeza bua hauwezi kuwekwa kwenye kabati la kioo. Mtu lazima aketi karibu nao mwezi Julai, na ninaamini kabisa kwamba kijana anayekubali kuketi hapo alipwe kwa wiki hizo, kama anavyolipwa anayeendesha mashine.

Mimi nitarudi. Safari hii nitakata mabua asubuhi, umande ukishakauka, niyaweke kivulini chini ya kitambaa chenye unyevu, na nitayahesabu tena baada ya kukunja la mwisho, kabla utepe haujaanza kupita.