Usiku Moyo Wangu Ulipotoka Nje

Mke wangu hana ugomvi na kukoroma kwangu. Anasema ni kama mvua juu ya bati, ukiizoea inakubembeleza. Kinachomtoa usingizini ni pale mvua inapokatika ghafla.

"Ukikoroma najua upo," aliniambia asubuhi moja. "Ukinyamaza ndipo naanza kuhesabu."

Nikabisha kwa hoja ileile ya wakoromaji wote duniani: mbona mimi sijisikii? Akanipa simu. Kumbe alikuwa amenirekodi. Kwanza nikasikia msumeno ukipasua gogo, tena gogo gumu lenye vifundo. Halafu kimya. Nikatazama sekunde zikitembea kwenye kioo: 5, 10, 15. Mtu mzima nimekaa kwenye kochi nasubiri nivute pumzi! Ilipofika 20 nikagundua na mimi nimeibana yangu, kama vile namsaidia yule wa kwenye simu. Kwenye 23 akakurupuka kwa mkoromo wa mtu aliyeibuka kutoka chini ya kisima, akaendelea na magogo yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikaenda kwa daktari.

Alianza na shingo, akaizungushia futi ya kamba kama fundi cherehani anayetaka kushona kola. Sentimita 44. Mwanamume akivuka 43, akasema, tunaanza kumshuku. Kisha akaniambia nipanue mdomo na kutoa ulimi. Akamulika tochi. Akainama. Akamulika tena.

"Kimio chako kiko wapi?"

"Daktari, nilikuja nacho."

Kuna kipimo kinaitwa Mallampati, kilichotangazwa mwaka 1985 kikiwa na ngazi tatu na sasa kina nne, cha kuwasaidia wataalamu wa nusukaputi kutabiri ni nani atawasumbua wakimpitishia mrija kooni. Mtu wa ngazi ya kwanza akifungua mdomo unaona kila kitu, mpaka kimio, kile kijinyama kinachoning'inia nyuma. Wa ngazi ya nne unaona ulimi na kaakaa gumu, basi, mlango umefungwa. Mimi ni wa nne. Ulimi wangu umekaa kinywani kama godoro la futi sita kwenye kitanda cha futi nne.

Daktari akanichorea. Bomba la hewa lililo chini shingoni lina pete za gegedu, halisinyai hovyo. Lakini kile kipande cha nyuma ya ulimi hakina kitu kigumu cha kukitanua. Ni nyama na misuli tupu, maana hapo hapo ndipo tunapomezea na kutengenezea maneno, na kitu kigumu hakiiwezi kazi hiyo. Mchana misuli inakishikilia wazi. Usiku inalegea. Ukilala chali, ulimi, kaakaa laini na taya vyote vinateremka nyuma kwa uzito wake, na njia inajifunga kama soksi iliyolowa. Oksijeni inashuka, ubongo unakuamsha nusunusu, unavuta pumzi kwa kishindo, unalala tena, soksi inajifunga tena. Asubuhi hukumbuki lolote, unashangaa tu kwa nini umechoka kama mbeba mizigo. Pumzi ikisimama au ikipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, inahesabiwa. Ukifikisha 5 kwa saa, una ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Kuanzia 30 ni ugonjwa mkali.

Nikamjulisha kwa fahari kwamba mimi nilishajitibu: nalalia mito mitatu. Akafumba macho kidogo. Mito ya kupandanisha, akasema, inakunja shingo mpaka kidevu kinagusa kifua. Ni sawa na kukanyaga mpira wa kumwagilia bustani halafu ukalalamika kuwa maji hayatoki.

Akanitajia na mashine inayosukuma hewa puani ili njia ibaki wazi. Ya kwanza, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan kule Sydney, Australia, mwaka 1980, iliendeshwa kwa mota ya kifyonza vumbi, ila yenyewe ilisukuma badala ya kuvuta. Mke wangu alipenda sana habari hiyo. Tangu siku hiyo kila akifagia ananitazama. Lakini daktari akasema tusikimbilie huko. Wapo wagonjwa ambao balaa lao kubwa ni kulala chali, wakilala ubavu wanapata nafuu. Akanielekeza nishone mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana, ili kila nikigeukia chali unifukuze. Akanikabidhi na kifaa cha kupima usiku mmoja nyumbani: mkanda wa kifuani wenye kijisanduku kinachojua umelala upande gani, mrija wa puani, na kibanio cha kidoleni chenye taa nyekundu.

"Lala na mpira, tuone hesabu," akasema. "Na hicho kijisanduku ukitunze."

Mpira niliushona mwenyewe. Niliutia ndani ya soksi, nikaishikiza soksi kwenye fulana kwa mishono ambayo mke wangu aliiangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Wiki hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, analala chumba cha pili, kwa hiyo nilitaka kila kitu kifanyike kimyakimya, kwa heshima. Nikafunga mkanda, nikatia mrija, nikabana kidole. Mke wangu akazima taa. Ndipo nikakumbuka fulana.

Nikaivaa gizani, juu ya mkanda.

Ile fulana ni ya shingo ya duara. Mbele na nyuma zinafanana kama mapacha. Nililala, nikahisi mgongoni pako laini kabisa, nikajisifu moyoni: mwili wangu umeuzoea mpira kwa siku moja! Kifuani nilihisi kitu kimevimba, lakini hilo halikunishangaza, si ndiko kilikokuwa kijisanduku? Sasa, mimi nikilala ubavu hujiegemeza mbele, karibu kifudifudi. Kila nilipojaribu, kile kivimbe kikanisukuma nyuma. Nikasema moyoni, hiki kijisanduku hakitaki kulaliwa, na daktari amesema kitunzwe. Nikatii. Nikalala chali, mikono pembeni, kama maiti mwenye adabu.

Saa nane usiku niliamka nikiwa nimekabwa. Pumzi haiingii, kifua kimebanwa, jasho linatiririka. Nikapeleka mkono kifuani, na hapo juu ya moyo nikakuta kitu cha mviringo, kigumu, kikubwa kama ngumi, kimetokeza. Nikakibonyeza. Kikabonyea kidogo, kikarudi. Kwa akili ya saa nane usiku hilo lilikuwa na maana moja tu.

"Mama watoto! Moyo! Moyo umetoka nje!"

Mke wangu akaruka, akapapasa, mkono wake ukatua kwenye uvimbe, na yeye akapiga ukelele. Mlango ukafunguka, mama mkwe huyo, akawasha taa. Jaribu kuona alichokiona: mkwewe ameketi kitandani, mrija unatoka puani, kidole kinawaka kama kaa la moto, nundu kifuani, na binti yake amelishika kwa mikono miwili lisiende popote.

"Jinamizi hilo," akasema, na papo hapo akaanza kulikemea.

Alilikemea vizuri, kwa kweli. Alikuwa hajafika katikati mke wangu aliposogeza uso karibu, akavuta shingo ya fulana, akachungulia ndani.

"Baba watoto," akasema polepole. "Huu ni mpira."

Mama mkwe akazima taa na kuondoka bila neno. Mimi nikaigeuza fulana, nikalala ubavu mpaka kukakucha. Asubuhi nilimpa shikamoo nikiwa nimeinamisha macho. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, kisha akauliza kwa upole, "Moyo umerudi?"

Siku ya majibu daktari alikaa mbele ya kompyuta, akakuna kidevu. Kuanzia saa nne na nusu hadi saa nane: chali, mfululizo, pumzi inakatika mara 38 kwa saa. Kuanzia hapo mpaka alfajiri: ubavu, mara 7 kwa saa. Tena, akasema, alfajiri ndiyo yenye usingizi mwingi wa ndoto, misuli inalegea kupita wakati wowote, wengi huharibikiwa hapo. Wewe umepona hapo. Chali ikizidi ubavu maradufu huwa tunasema tatizo ni mlalo. Wewe imezidi mara tano. Endelea na mpira, hizo 7 tutaziangalia.

"Sijawahi kuona usiku uliogawanyika vizuri hivi," akaongeza. "Ila nieleze, mtu mwenye mpira mgongoni umelalaje chali kwa muda wa saa tatu na nusu bila kugeuka?"

"Nilitaka tupate vya kulinganisha, daktari."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akaandika. Mke wangu alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Na habari za moyo," akasema bila kugeuka, "mwambie pia aandike."