Baiskeli ya Ngamiani

Jioni moja Ngamiani, Tanga, kijana alikamatwa na baiskeli isiyo yake. Mji huu ni tambarare, na baiskeli ndiyo miguu ya muuza samaki na fundi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili. Makofi yalipokwisha, watu wakaanza kutafuta tairi la kumchomea. Ndipo wakafika askari wawili kwa bodaboda, wakamkumbatia kijana, wakampakia katikati, mshikaki (kosa ambalo siku nyingine wangekupiga faini). Jiwe likampata mmoja mgongoni. "Kesho mtamwachia!" watu wakazomea.

Hakuna aliyewashukuru, nami nilinyamaza.

Tukihimizwa kuwathamini polisi hutajwa trafiki anayevusha watoto wa shule. Sawa, ila hiyo ni kazi rahisi kupendwa. Nzito ni kumlinda mtu ambaye mtaa mzima unamchukia. Katiba ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Jioni ile ibara hiyo ilikuwa na watetezi wawili tu.

Lakini waliozomea nao wana lao. Tangazo ukutani kituoni linasema dhamana ni bure. Nje, ndugu wa mahabusu wanaulizana nani ana ngapi. Aliyeibiwa anaombwa hela ya mafuta ili gari limfuate mwizi. Uhaba wa mafuta naukubali, ila kwa nini pengo lizibwe na mfuko wa aliyekwisha kuibiwa? Wala si maneno ya vijiweni tu: mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya. Mtu akishaizoea kaunta ya namna hiyo, tairi linaanza kuonekana njia ya mkato.

Kwangu asante ya wale wawili ni deni, na kuilipa hakunizuii kuuliza habari za hela ya mafuta. Ila kuna swali jingine linalotuhusu sisi wenyewe.

Mwenye baiskeli aliambiwa aende kituoni akaandike maelezo. Akaikagua cheni, akapanda. "Ikishakuwa kielelezo," akasema, "nitaiona tena lini?" Hofu yake ina msingi, ziko baiskeli zinazoota kutu uani mwa vituo zikingoja kesi ziishe.

Hakwenda. Siku mbili baadaye kijana alikuwa nje, na wale wale wakasema, "Si tulisema?"