Biolojia chuo kikuu itakufikisha kwenye afya ya kimataifa?

Kila matokeo ya fomu siksi yakitoka huku Moshi swali ni lilelile. Dogo kasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), kafaulu tu vizuri lakini nafasi ya udaktari imemponyoka, sasa achukue digrii ya biolojia halafu baadaye aingie kwenye mambo ya afya ya kimataifa, WHO, mashirika, utafiti? Wazazi wengi hawataki kusikia, ila dogo mwenyewe kashasoma mtandaoni kwamba biolojia ndo njia.

Shida ni kwamba ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na Wamarekani. Kule udaktari unasomwa baada ya digrii ya kwanza, kwa hiyo mtu kupitia biolojia ni kawaida kabisa. Huku mtu anatoka fomu siksi anaingia MD, yaani digrii ya udaktari, moja kwa moja, miaka mitano, na intern mwaka mmoja juu yake, yaani ukimaliza biolojia yako miaka mitatu halafu ukautamani udaktari unaanza mwaka wa kwanza na wadogo zako. Halafu kuna usajili. Maabara ya hospitali wataulizia usajili wa baraza la wataalamu wa maabara, na usajili unaenda na kozi ya sayansi ya maabara ya afya, sio biolojia tupu. Wengi wanakwama hapo wanaishia kufundisha tuisheni, sio kazi mbaya ila sicho alichokifuata.

Lakini wazazi nao wanaosema biolojia ni ya walimu tu, washuke Mabogini kwenye mashamba ya mpunga waone. Watu wa utafiti wanachota maji kwa upawa wanahesabu viluwiluwi vya mbu, mbu wakubwa wanawafuga kwenye vyumba wanawalisha maji ya sukari kwenye pamba. Kuna mbu wawili wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, ukiwaangalia hata kwa hadubini huwatofautishi, mpaka upime vinasaba. Na tofauti yao ni ishu kubwa, maana gambiae anapenda binadamu na anauma sana ndani usiku, arabiensis anauma hata nje na hata ng'ombe anamtosha, sasa huyo chandarua peke yake hakimmalizi. Swali hilo daktari wa wodini hana muda nalo, ni la mtu wa biolojia, na Marburg, ule ugonjwa hatari wa virusi vinavyobebwa na popo, ilivyoingia Kagera Machi 2023 ilikuwa hivyohivyo, mtu wa kufuatilia popo na virusi anahitajika kama anavyohitajika wa kutibu.

Ila wengi wanaoongoza tafiti hizo wana masta au PhD. Digrii ya kwanza ya biolojia inakuweka mlangoni tu, na hilo vyuo hawakwambii wakati wa kujaza maombi. Bahati nzuri huku kaskazini masta haiko mbali, chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, wana masta na PhD, chuo cha KCMC hapa Moshi (zamani KCMUCo) nao wana masta za afya. Hela ndo kipengele, na kazi zenyewe nyingi ni mikataba ya miradi, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada watu wenye CV nzito walikaa nyumbani, sasa fikiria mwenye digrii moja. (Mwenye usajili wa maabara angalau anaweza kubisha hodi kwenye hospitali binafsi.)

Kwa hiyo kama nyumbani wanasubiri mshahara wako mapema mi nasema chukua maabara ya afya, afya ya kimataifa utaifuata ukiwa na leseni mkononi, wapo wengi waliopita huko. Mwenye wa kumshika mkono mpaka masta, na anayependa kweli mambo ya wadudu na vimelea, achukue biolojia bila woga, ila aulize kwanza waliopo mwaka wa tatu fildi wanapelekwa wapi na takwimu wanasoma kwa kompyuta au ubaoni. Wakikujibu fildi ni kujitafutia mwenyewe na takwimu ni ubaoni, tafuta chuo kingine.