Shangazi alitia dole gumba

Shangazi yangu wa Wete, Pemba, alinipigia simu akilia. Nyumba yake ya vyumba vitatu, aliyoijenga miaka 11 kwa pesa za karafuu, ameiweka rehani kwa mkopo wa milioni 3. Kwa mdomo aliambiwa asilimia 20, akapiga hesabu: nitarudisha milioni 3 na laki 6. Karatasi aliyotia dole gumba ilikuwa ya Kiingereza, na humo asilimia 20 ni ya kila mwezi. Kwa miezi 6 anadaiwa milioni 6 na laki 6. Ndiyo maana watu wakaiita mikopo hii kausha damu.

Mimi niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Nyumba yetu tuliinunua kupitia kampuni isiyotoza riba, na hata wao sheria inawabana. Kwanza walitaka vielelezo vya mishahara, maana mkopeshaji wa huku analazimika kuhakikisha unamudu kulipa. Kisha, siku 3 za kazi kabla ya kutia sahihi, tukapewa kurasa 5: malipo ya mwezi, ada zote, kama malipo yanaweza kupanda, na jumla tutakayokuwa tumelipa mpaka mwisho. Usiku nikazisoma na kalamu mkononi. Ada moja sikuielewa. Asubuhi nikapiga simu, nikaelezwa.

Wamarekani waliupata ulinzi huu kwa machozi. Kabla ya 2008 watu walipewa mikopo yenye riba ndogo mwanzoni, baada ya miaka miwili mitatu ikapanda, na mamilioni wakapoteza nyumba. Sheria kubwa ikapita 2010, wao wameshatolewa majumbani.

Kwetu wengi husema sisi twajenga kidogo kidogo, mikopo ya nyumba haituhusu. Najivunia ujenzi huo. Kila nikirudi nikaona msingi na nondo zimesimama, najua pana mtu anajinyima. Lakini nyumba isiyo na deni ndiyo hiyo hiyo wakopeshaji wa kausha damu wanayoitolea macho.

Nataka sheria Zanzibar iseme wazi: mkataba wowote wa rehani ya nyumba uandikwe kwa Kiswahili, jumla ya deni ikae ukurasa wa kwanza, na mkopaji aende nao nyumbani siku 3, watoto wake wamsomee. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, asiushuhudie kabla ya hapo.

Tunachanga sasa, sisi wa huku, wa Unguja na wa Muscat. Imebaki miezi 2, na hati ya shangazi bado imefungiwa kabatini kwa mkopeshaji.