A Wrinkle in Time: mtoto asome sasa au asubiri?

Mzazi akisikia A Wrinkle in Time, kitabu cha hadithi cha watoto, anauliza kwanza, humo ndani kuna uchawi? Na huwezi kumlaumu, maana kuna vibibi vitatu vya ajabu, kimoja kinageuka kiumbe chenye mabawa, kuna na mama anayechungulia mambo kwenye tufe la kioo, halafu watoto wakiulizwa ni nani duniani amepigana na giza wanaanza na Yesu kisha wanaunganisha Shakespeare, Einstein, Gandhi, Buddha, wote kapu moja. Marekani kilipingwa mpaka kikaingia orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa sana miaka ya 1990. Cha kuchekesha, mwandishi wake Madeleine L'Engle alikuwa muumini wa Kianglikana na kitabu kimejaa Biblia, kwahiyo asiyependa dini naye ana lake la kulalamika.

Mimi hayo hayanisumbui sana. Shida naiona sura ya 7 hadi ya 10. Meg na mdogo wake Charles Wallace, mtoto wa miaka mitano tu, wanaenda sayari nyingine kumtafuta baba yao, huko dogo anatekwa akili na ubongo mkubwa unaoitwa IT, anaanza kuongea na dadake kama adui. Baba anapatikana, sawa, ila hawezi kumkomboa mwanawe, anakimbia na Meg wanamwacha mtoto kule! Meg anamkasirikia vibaya mno. Mtoto ambaye babake yuko mbali kikazi, au alirudi na mambo hayakuwa kama zamani, hapo pataumiza kuliko tufe lolote la kioo.

Lakini ndio hapohapo kitabu kinapata uzito wake. Meg shuleni ni mgomvi, hesabu anazijua, mama yake mwanasayansi anapika mchuzi maabara kwenye moto wa majaribio, na hii imetoka 1962 jamani. Sayansi yenyewe usiitegemee kwa mtihani, ile ya kukunja anga ili kufupisha safari imeelezwa kwa mdudu anayetembea kwenye pindo la sketi, inatosha kumfanya mtoto aulize.

Miaka 10 kwenda juu namwachia asome mwenyewe. Chini ya hapo zile sura nne msomee wewe, mchana. Na usiseme umeshaicheki filamu ya Disney ya 2018, kule Biblia imetolewa yote.